Bidoni zilezile, dale mbili

Maneno ya kikundi cha atelie mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, Nyangezi



Komite imetuomba sisi wa atelie tuseme juu ya kazi ya plastiki. Sababu tunaijua. Watu wanatuuliza njiani, wanatuuliza hata kanisani: kwa nini atelie imeacha kuuzisha dale za choo? Feza ya wafadhili imekwenda wapi? Na lini tutanunua presi ya pili? Ni maswali ya haki. Tutayajibu yote, lakini turuhusuni tuanze na ile siku iliyotufanya tuache.

Mnakumbuka vile tulianza. Wengi wetu tulirudi hapa Nyangezi tukiwa na bidoni moja, beseni moja na godoro. Wengine walitoka Nyarugusu kule Kigoma, wengine Burundi, wengine walikuwa wamejificha tu Bukavu kwa jamaa. Tukakuta nyumba zimeanguka na vyoo vimejaa ama vimefunikwa na majani. Mbao za kuweka juu ya shimo la choo ni bei, na mchwa wanazila. Basi tukasema: bidoni zilizopasuka ziko kila mahali, tuziyeyushe, tuzimimine ndani ya kalibu, tufanye dale za choo. Dale isiyooza, inayooshwa na maji kidogo. Wafadhili wakatusaidia kupata jiko la pipa, mashine ya kukata vipande na presi ya jeki. Tukaanza kuuzisha.

Kisha asubuhi moja mama mmoja, mwanachama wetu, alifika kwenye atelie na kitenge kimefungwa. Akakifungua mezani. Ndani mlikuwa na dale yetu, vipande viwili. Mjukuu wake alikuwa ameikanyaga usiku, ikapasuka, mguu ukazama mpaka kwenye goti. Mtoto alishika mlango, akapona na mikwaruzo tu. Yule mama hakutugombeza. Alisema: "Mulituambia hii iko nguvu kupita mbao. Basi muangalie."

Tukaangalia. Na maneno tunayowaambia leo yametoka ndani ya vile vipande viwili.

Tulifungua daftari la atelie. Dale ile ilifanywa siku ya mvua kubwa, kutoka rundo moja la bidoni za manjano za mafuta tulizonunua Kadutu. Kutoka rundo lilelile tulikuwa tumefanya dale nyingine siku chache mbele, wakati kulikuwa jua. Tulikwenda kuiomba kwa mwenyewe, tukaiweka juu ya mistari miwili ya matofali, wanaume watatu wakapanda juu yake, wakarukaruka. Haikulia hata kidogo. Bidoni zilezile, kalibu ileile, mikono ileile. Dale moja inabeba watu watatu wazima, nyingine inavunjika chini ya mtoto wa miaka saba. Basi kosa halikuwa la bidoni. Kosa lilikuwa kwenye namna tulivyoipika.

Wengi wetu tulifikiri plastiki iko kama mshumaa: unaiyeyusha, unaimimina, inaganda, kazi imekwisha. Haiko hivyo. Plastiki ni nyuzi ndefu sana, ndogo kupita macho, zilizosokotana kama nyuzi za kamba ya mkonge iliyofumuka. Ukiipa joto la kutosha, nyuzi zinaachana na kuteleza. Ukiibana, zinajaza kalibu. Ikipoa, zinashikana tena, na nyingine zinajipanga kwa safu kama matofali kwenye ukuta. Nguvu ya kitu kilichotoka inategemea vile nyuzi zilivyoshikana. Zikikatika kwa moto mwingi, ama zikikosa kushikana kwa moto mdogo, ama zikigandishwa kwa haraka zikiwa zinavutana, kitu kinaweza kung'aa vizuri machoni na ndani kiwe kimekufa.

Sasa tufuate njia ya bidoni hatua kwa hatua, na kila mahali tuseme kosa tulilofanya.

Hatua ya kwanza ni kuchagua. Chini ya bidoni, beseni au chupa kuna pembetatu ndogo yenye namba. Namba 1 ni chupa za maji na za limonadi. Namba 2 ni polietileni nzito, yaani bidoni zetu za manjano. Namba 3 ni ile ya mabomba ya maji ya kijivu na ngozi ya waya za umeme. Namba 4 ni sashe laini. Namba 5 ni polipropileni: viti vingi vya plastiki, beseni nyingi, vifuniko vingi. Namba 6 ni vikombe vyepesi vinavyovunjika kwa mlio. Hizi si rangi tofauti za kitu kimoja. Kila moja ina joto lake: bidoni inayeyuka karibu na digrii 130, polipropileni karibu na 160, na chupa ya maji haiyeyuki mpaka inafika karibu na 250. Ukizitia pamoja kwenye jiko moja, moja inaungua wakati nyingine bado ni mbichi.

Na hata zikiyeyuka zote, hazipendani. Bidoni na kiti ni kama mafuta na maji: unazikoroga, zinaonekana zimeungana, zikipoa kila moja inarudi upande wake. Wale walionunua vile viti vidogo tulivyofanya mwanzoni wanajua. Miguu ilianza kubanduka tabaka kwa tabaka, kama ganda la kitunguu. Tulikuwa tumechanganya namba 2 na namba 5 juu zote zilikuwa nyeupe.

Kama namba imefutika, kuna beseni la maji. Kata kipande, kizamishe, ondoa mapovu yote ya hewa. Namba 2, 4 na 5 zinaelea. Namba 1, 3 na 6 zinazama. Jaribio hilo halitoshi kutenga bidoni na kiti, lakini linatutolea namba 3, na hiyo ndiyo tunayoiogopa zaidi. Namba 3 ikipata moto mwingi inatoa hewa ya asidi inayouma macho na kifua, na inakula chuma cha kalibu. Basi hapa mbele ya mkutano tunasema: hakuna tena bomba la kijivu wala ngozi ya waya kuingia kwenye atelie, hata mtu ailete bure. Na wale ba mama wanaowasha makala kwa kutumia sashe na vipande vya waya, tafadhali waache. Ule moshi ni sumu.

Hatua ya pili ni kuosha na kukausha. Hapo ndipo tulianguka ile siku ya mvua. Vipande vilikuwa vimeoshwa asubuhi, jua halikutoka, na tulikuwa tumeahidi dale kumi kwa Jumamosi. Tukasema: "Moto utakausha." Bidoni yenyewe hainywi maji, ni kweli, lakini maji yanabaki juu ya vipande na ndani ya mikunjo. Ndani ya kalibu iliyofungwa yanageuka mvuke, na mvuke unakosa mahali pa kutokea. Tulipotazama ubavu wa dale iliyovunjika, ilikuwa na matundu kama mkate. Kila tundu ni mahali ambapo hakuna kitu cha kubeba mguu wa mtu. Chupa za namba 1 ni mbaya zaidi: maji pamoja na joto yanakata zile nyuzi zenyewe, kitu kinatoka dhaifu hata kama hakina tundu. Ndiyo maana sisi hatuyeyushi chupa za maji kabisa.

Hatua ya tatu ni moto. Nani hapa hajawahi kula andazi lililoungua nje na ndani ni unga mbichi? Plastiki iko vile. Chuma kinapitisha joto karibu mara mia kuliko plastiki. Ukiongeza makala ili kwenda haraka, vipande vinavyogusa ukuta wa pipa vinaungua, na vya katikati bado ni baridi. Kwenye dale ya yule mama tuliona hata vipande vya manjano vikiwa bado na umbo lao, vimeshikiliwa tu na vingine kama mawe ndani ya udongo. Makala yalikuwa yamenyeshewa, moto ulikuwa mdogo, na hatukuongeza muda.

Na moto ukizidi, kuna kosa la upande mwingine. Nyuzi zinakatika. Polipropileni ndiyo inayokatika upesi: inakuwa nyepesi kumimina kama mafuta, mtu anafurahi juu inajaza kalibu vizuri, kumbe ameua nguvu yake. Kitu kinatoka na rangi ya kahawia na kinavunjika kama biskuti. Kwa bidoni tumeona kwamba kati ya digrii 180 na 200 kazi inakwenda vizuri, ikikaa humo muda wa kutosha mpaka katikati pamelainika. Ukisikia harufu ya mshumaa uliozimwa na ukaona moshi mweupe, umeshapita. Punguza moto, fungua hewa, watu watoke.

Lakini jicho na pua havitoshi. Siku ya jua na siku ya mvua makala yaleyale hayatoi joto lilelile, na hapa kwetu jioni kuna baridi. Wale wanaoshuka Ngomo kwenda Kamanyola wanajua vile hewa inabadilika kwa safari moja. Sisi tulikuwa tunapika kwa saa ya mkononi: saa moja na nusu, toa. Saa haijui kama makala yamelowa.

Hatua ya nne ni kubana. Plastiki iliyoyeyuka ni nzito kama bugali, haitiririki yenyewe kwenda kwenye pembe za kalibu. Presi inaisukuma. Lakini presi ina kazi ya pili ambayo hatukuijua. Plastiki ikipoa inajikunja. Bidoni inajikunja asilimia 2, mara nyingine 3. Dale yetu ina sentimita 60 kila upande, basi hata kwa asilimia 2 tu inapungua milimita 12. Kama umeshaachia presi, ile nafasi inayobaki inajazwa na nini? Inajazwa na hewa. Juu panabonyea, ndani panakuwa na mapango. Kwa hiyo mtu abane, na aendelee kubana wakati inapoa. Jeki ikilegea, akaze tena. Sasa tunakaza kila dakika kumi mpaka kalibu imepoa.

Hapo tunafika kwenye hatua ya tano, kupoa, na hapo ndipo mwenzetu mmoja alitusaidia sana. Wakati wa ukimbizi alifanya kazi kwenye kiwanda cha beseni huko Kampala. Anasema mashine kubwa zile zinaingiza plastiki ndani ya kalibu kwa sekunde chache tu, kisha zinangoja. Sehemu kubwa ya muda wa kila beseni ni kungoja ipoe, na ndani ya chuma cha kalibu kuna njia za maji ili pande zote zipoe pamoja. Alituambia siku ya kwanza kabisa: "Munafungua haraka sana." Tulimcheka. Tulimwambia hapa si Kampala, hapa watu wanangojea dale zao.

Ile siku ya mvua tulifungua kalibu ikiwa bado inachoma mkono, tukamwagia maji ya mvua upande wa juu. Uso uliganda saa ileile, tumbo lilikuwa bado na moto. Kisha tumbo nalo likaanza kupoa na kujikunja, likavuta uso uliokwisha kuganda. Dale ilipinda kama sahani. Tuliweka mawe juu yake usiku kucha ikanyooka, tukaiuzisha. Lakini ule mvuto ulibaki ndani. Kitu kama hicho ni kama mtego uliotegwa: kinangoja mguu tu.

Wanaochoma matofali wanalijua jambo hili. Tanuru likifunguliwa mapema upepo wa baridi ukaingia, matofali yanapasuka, na hakuna fundi wa Nyangezi anayefanya hivyo. Kwenye plastiki kuna jambo moja zaidi. Ikipoa polepole, nyuzi nyingi zinapata muda wa kujipanga kwa safu: kitu kinakuwa kigumu zaidi, lakini kinajikunja zaidi. Ikipoa haraka, safu ni chache: kitu kinakuwa laini kidogo, kinavumilia kupigwa, lakini kinabaki na mvuto ndani. Hakuna namna moja iliyo bora kwa kila kitu. Kwa dale nene ya kukanyagwa, sisi tumechagua polepole na pande zote sawa: kalibu inabaki imefungwa na kubanwa, kwenye kivuli, bila maji, mpaka unaweza kuishika kwa mkono mtupu na kuuacha hapo.

Kuna pia umbo lenyewe. Dale yetu ya kwanza ilikuwa nene katikati na nyembamba pembeni. Pembeni palipoa kwanza, katikati baadaye, na ilipinda hata tukiwa waangalifu. Tundu lake lilikuwa na pembe kali kama dirisha, na ufa wa yule mama ulianzia kwenye pembe hiyo. Sasa unene ni mmoja kila mahali, na pembe za tundu zimefanywa mviringo. Hilo halikutugharimu hata franka mia, lilitaka tu fundi wa chuma aelezwe vizuri.

Jambo la mwisho ni jua. Plastiki ikikaa juani miaka, nyuzi zinakatika polepole. Kiti cheupe kinaanza kutoa unga kama chokaa, kisha kinavunjika. Ndiyo maana matangi na mabomba ya maji yanayokaa nje mara nyingi ni meusi: masizi maalumu yaliyotiwa ndani yanazuia jua. Dale ya choo iko chini ya kivuli, haina shida sana. Lakini bidoni iliyolala juani miaka mingi, tukiikunja ikatoa ufa, tunaikataa. Tayari imekufa, na moto hauwezi kuifufua.

Ndugu, mtu mmoja kwenye komite alituuliza: kama ni kazi ngumu hivi, kwa nini tusiiache? Tulifikiri sana juu ya swali hilo. Jibu letu ni kwamba plastiki haitatuacha hata tukiiacha. Dekre ya kukataza sashe ilitoka Kinshasa mwishoni mwa 2017, na bado sokoni mnaziona. Huko Bukavu mvua inazoa chupa na bidoni kutoka milimani mpaka ziwani, na ziwa Kivu lina mlango mmoja tu wa kutokea, Ruzizi. Takataka zinakwenda kukusanyika kwenye bwawa la Ruzizi I, zinaziba mitambo, na tunakaa gizani, sisi tulio na waya. Wako wenzetu wanaopambana nazo. Bukavu, Nicole Menemene na kampuni yake Plastycor wanageuza chupa kuwa vikapu na vitu vingine vya nyumbani. Nairobi, Nzambi Matee na Gjenge Makers wanafanya matofali ya njia kutoka plastiki na mchanga, na mwaka 2020 shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lilimpa zawadi. Basi kazi inawezekana. Lakini njia inayokanyagwa juu ya udongo na dale iliyo juu ya shimo si kitu kimoja. Tofali la njia likipasuka, mtu anajikwaa. Dale ikipasuka, mtu anazama. Sisi tumechagua kitu ambacho hakiruhusu uvivu.

Sasa tunafanya hivi kwa kila dale, na kila mwanachama anaweza kuja kutazama.

Tunapima uzito. Kalibu yetu ikijaa sawasawa inatoa dale ya karibu kilo 8, yaani bidoni nane hivi za lita 20. Kalibu ni ileile, kwa hiyo dale iliyo nyepesi kuliko wenzake ina mapango ndani. Inarudi kwenye mashine ya kukata.

Tunaigonga kwa kipande cha mti na kusikiliza. Ba mama wanaochagua chungu sokoni wanajua sauti ya chungu chenye ufa. Hapa ni vile.

Tunaiweka juu ya matofali na kupanga juu yake mifuko ya mchanga ya kilo 200, tunaiacha usiku mzima. Kwa nini usiku mzima? Juu plastiki inadanganya. Inabeba mzigo kwa dakika moja bila kusema kitu, kisha inaanza kulegea polepole. Asubuhi, wakati wa baridi, tunapima kama imeshuka, tunaondoa mifuko na kutazama kama inarudi.

Na tunaandika: siku, rundo la bidoni, mvua au jua, joto, muda wa moto, muda wa kupoa, jina la aliyepika. Kila dale ina namba iliyochongwa chini yake. Daftari ndilo lililotuonyesha kosa. Bila daftari tungesema ni shetani ama ni bidoni mbaya za Kadutu.

Sasa tuje kwenye feza. Tunajua wengi mnataka presi ya pili, na barua kwa wafadhili ilikuwa imeshaandikwa hivyo. Sisi ndio tulioiomba, na leo sisi ndio tunaomba ibadilishwe. Presi ya pili itatupa dale mbovu mara mbili kwa siku. Hatukukosa nguvu ya kubana. Tulikosa kujua joto, tulikosa mahali pakavu, na tulikosa muda wa kungoja.

Tunaomba vitu vinne. Cha kwanza, termometa mbili za waya, moja ya kuingia katikati ya plastiki na moja ya ukuta wa pipa, ili tuone tofauti. Cha pili, paa la mabati lenye kuta wazi kwa ajili ya kukausha vipande wakati wa mvua, juu mvua hapa kwetu haiombi ruhusa. Cha tatu, kalibu mbili zaidi zenye skurubu kubwa za kufungia. Kalibu ikiisha kubanwa, tunakaza skurubu, tunaitoa kwenye presi, ipoe pembeni huku tukiendelea kukaza, na presi inapokea kalibu nyingine. Kwa njia hiyo tunaongeza kazi bila kupunguza muda wa kupoa. Cha nne, mzani mzuri. Vyote pamoja, kwa bei tulizouliza Bukavu, ni chini ya bei ya presi. Kinachobaki tunaomba kitumike kwa jambo lingine.

Jambo hilo ni zile dale ambazo zimeshauzwa. Tumeanza kupita nyumba kwa nyumba. Zile zilizofanywa siku za mvua, na zile zote zenye tundu la pembe kali, tunazirudisha, na mwenye nyumba atapata mpya bila kulipa. Mpaka ile mpya ifike, tunaweka mbao juu ya shimo. Wengine wamekataa kutupa, wanasema: "Yangu haina shida, muiache." Tunawaomba, ndugu, mutupe. Hata ya yule mama haikuwa na shida mpaka ile usiku.

Kwa marafiki wafadhili tunasema hivi. Kwenye ripoti yenu hesabu ya dale itashuka mwaka huu. Mliona namba inapanda, sasa mtaona inashuka, na pengine mtauliza kama tumelala. Hatujalala. Tunaomba msome na safu mpya ya ripoti, ile ya dale zilizokataliwa na atelie yenyewe. Safu hiyo ikiwa tupu kila mwezi, hapo ndipo muanze kuogopa.

Na kwa wanachama: msitulete bidoni zilizokuwa na dawa ya mimea ama mafuta ya gari, moshi wake unadhuru wanaopika. Msituombe beseni la chakula wala bidoni ya maji ya kunywa kutoka plastiki yetu. Hatuwezi kujua kila kitu kilichokuwa ndani yake mbele, na hatutaki kuwadanganya. Tutafanya dale, na vizuri. Tukijua dale, tutaona kingine.

Yule mama yupo hapa, ameketi nyuma. Dale yake mpya ilikaa chini ya mchanga usiku tatu mbele ya kuipeleka, na siku ya kuiweka alituambia tusimame sisi kwanza juu yake, wote wanne, mmoja mmoja kisha pamoja. Tulisimama. Yeye akatazama chini ya mlango kama kuna kitu kinapinda, ndipo akamwita mjukuu wake.

Tunaomba kila mwenye nyumba afanye vile. Tukikuletea dale, tuambie tupande sisi kwanza.